Mashine bila sindano ni pambo

Kuna desturi iliyozoeleka katika nchi zetu, nasi wa visiwani hatukuepukana nayo. Inapowasili mashine mpya ya hospitali, hupokewa kwa shangwe. Utepe hukatwa, hotuba husomwa, picha hupigwa. Hilo si kosa. Watu waliotoka mbali wana haki ya kufurahia kila hatua wanayoipiga. Ila wageni wakishaondoka na viti vikishakunjwa, hubaki maswali madogo madogo yasiyopigiwa makofi. Nani ataitumia mashine hii? Itatumiwa kwa vifaa gani? Vifaa hivyo vikiisha mwakani, vitanunuliwa kwa fungu lipi? Na majibu yake yatasomwa na nani? Wahenga walikwisha kutuambia kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Leo tunapenda kuyaweka maswali hayo mbele ya wananchi na mbele ya viongozi wenye dhamana ya afya, nasi tutafanya hivyo kwa kukitazama kitu kidogo ambacho aghalabu hakitajwi katika hotuba yoyote. Kitu hicho ni sindano. Hatusemi ile ya chanjo, wala ile ya kutilia dawa. Tunasema sindano ndefu na nyembamba, ipitishwayo kinywani ndani ya mpira wa endoskopi, ikaongozwa kwa picha ya mawimbi ya sauti mpaka kwenye uvimbe uliojificha ndani kabisa ya mwili, ikachota kipande kidogo cha nyama na kukileta nje kichunguzwe kwa hadubini. Rai yetu ni moja, nayo twaitoa tangu mwanzo: fedha ya sindano hiyo, na ya mtu wa kuisoma nyama iliyochotwa, ihesabiwe siku ile ile inapohesabiwa fedha ya mashine. Hilo likishindikana, ni heri mashine yenyewe isinunuliwe.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja wa kijiji chochote cha Micheweni, mvuvi mwenye umri wa miaka 60 na kitu, anaanza kukonda. Chakula hakimwingii. Maumivu yanamkaa juu ya kitovu na kupenya hadi mgongoni. Baada ya wiki kadhaa wanawe wanaona macho yake yamegeuka manjano, mkojo umekuwa mweusi mfano wa chai ya kukoza, na usiku hapati usingizi kwa kujikuna. Anapewa mizizi, anapewa kombe, kisha anapelekwa kituo cha afya, kutoka hapo Chake Chake, na mwisho anavushwa kuja Unguja. Picha zinapigwa. Zinaonyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, nao umeubana mfereji wa nyongo.

Hapo ndipo linapotamkwa neno zito, saratani. Tukubali kwamba mara nyingi dhana hiyo ni ya kweli, na saratani ya kongosho ni miongoni mwa zile zilizo kali kabisa, kwani wengi hugunduliwa ikiwa imekwisha kuenea. Lakini kilichoonekana katika picha ni umbo la uvimbe tu. Asili yake haikuonekana. Familia inarudi na mzee wake kijijini, anatandikiwa kitanda, na jamaa wanaanza kuja kumuaga. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni hili: je, uvimbe ule ni nini hasa?

Maana uvimbe wa mahali pale una sura nyingi. Upo uvimbe wa kongosho unaoletwa na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na huo hunywea kwa vidonge vya steroidi bila ya kisu. Upo ule wa tezi za limfu zilizo kando ya kongosho, zilizovimba kwa kifua kikuu, ugonjwa unaotibika kwa dawa za miezi kadhaa ambazo serikali huzitoa bila malipo. Ipo saratani ya tezi za limfu zenyewe, ambayo tiba yake ni dawa za mshipa wala si upasuaji, na wengi huinuka kitandani kwa dawa hizo. Na upo uvimbe uotao katika chembe za kongosho zinazotengeneza homoni, ambao hukua polepole, na mwenye nao aweza kuishi miaka mingi. Haya yote, katika picha, yaweza kufanana na lile la kutisha. Anayetoa hukumu kwa kutazama kivuli peke yake, ipo siku atamhukumu mtu ambaye angepona.

Ushahidi wa jambo hili ulitolewa hadharani na mtu ambaye jina lake linajulikana dunia nzima. Steve Jobs, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Apple, alipozungumza na wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2005, alisimulia jinsi alivyokutwa na uvimbe kwenye kongosho. Asubuhi aliambiwa kwamba karibu hakika ni saratani isiyotibika, na kwamba asitarajie kuishi zaidi ya miezi 3 hadi 6. Jioni ya siku hiyo hiyo alipitishiwa endoskopi, sindano ikachomwa kwenye kongosho na chembe chache zikatolewa. Madaktari walipozitazama kwa hadubini, waligundua kwamba ni saratani ya aina ya nadra inayoweza kufanyiwa upasuaji. Uvimbe wake uligunduliwa mwaka 2003, naye akafariki mwaka 2011. Kati ya hukumu ya asubuhi na ile ya jioni hapakuwa na muujiza. Palikuwa na sindano, mkono uliojua kuitumia, na jicho lililojua kusoma.

Yatasemwa kwamba Jobs alikuwa tajiri. Naam, alikuwa tajiri. Lakini kongosho la tajiri na la mvuvi yako mahali pamoja, na ugumu wa kuyafikia ni mmoja. Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula, mbele ya uti wa mgongo. Mashine ya mawimbi ya sauti inayowekwa juu ya ngozi ya tumbo, ile wanayoijua kina mama wajawazito, hutatizwa na hewa iliyomo matumboni na mafuta yaliyo njiani. Ndiyo maana kuanzia mwaka 1980 wataalamu wa Ulaya na Marekani walianza kuchapisha habari za chombo kipya, nacho ni endoskopi iliyowekewa kwenye ncha yake kifaa cha kutoa na kupokea mawimbi ya sauti. Chombo hicho humezwa na mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi, kikafika tumboni, na kutoka hapo ukuta wa tumbo peke yake ndio unaokitenga na kongosho. Picha yake ikawa safi kuliko zote zilizotangulia.

Hata hivyo picha iliendelea kuwa picha. Mwaka 1992 daktari Peter Vilmann na wenzake wa Denmark walichapisha taarifa ya hatua iliyofuata. Walitumia endoskopi inayoangaza mawimbi yake sambamba na njia ya sindano, hata daktari akawa anaiona sindano ikitoka, ikipenya ukuta wa tumbo na kuingia kwenye uvimbe wa kongosho. Tangu siku hizo daktari hakuwa tena mtazamaji tu. Alipata njia ya kukigusa kile anachokiona, na kuleta sehemu yake nje.

Watu wa bahari hawatashindwa kulielewa jambo hili. Nahodha wa zamani alipokaribia pwani asiyoijua hakutosheka kuyatazama maji kwa rangi yake. Alitia bildi, yaani risasi iliyofungwa kamba, na chini ya risasi hiyo palipakwa shahamu ili inapogusa chini ilete mchanga, tope au kombe la chaza. Kwa kamba alijua kina, na kwa kile kilichonata alijua iwapo nanga itashika. Mawimbi ya sauti ndiyo kamba, na sindano ndiyo ile shahamu. Nahodha aliyepima kina bila ya kujua chini pana nini, alikuwa na nusu ya habari.

Sasa tuitazame sindano yenyewe, maana hapa ndipo mipango mingi inapokosea. Anayeandika katika karatasi ya manunuzi neno "sindano" peke yake hajaandika kitu. Sindano hizi hupimwa kwa geji, na kinyume cha mazoea, namba inapopanda sindano huzidi wembamba. Zilizozoeleka ni tatu. Ya geji 19 ina upana wa milimita 1 na ushei. Ya geji 22 ina kiasi cha milimita 0.7, na ya geji 25 ina kiasi cha milimita 0.5. Nene huleta nyama nyingi, lakini ni ngumu kupindika, na endoskopi ikiwa imejikunja kuelekea mwanzo wa utumbo mwembamba, aghalabu hukataa kupita. Nyembamba hupita kwa urahisi, lakini huleta kidogo. Daktari huchagua kwa kutazama mahali ulipo uvimbe, na hawezi kuchagua ikiwa kabatini imo aina moja tu.

Kuna tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya ncha. Sindano za mwanzo zilikuwa za kufyonza: hupenya, zikavuta chembe moja moja zilizotawanyika, nazo hupakwa juu ya kioo. Chembe hizo zaweza kutosha kumwonyesha msomaji kwamba ni saratani, lakini hazimwonyeshi jinsi zilivyopangika, na kwa maradhi kama saratani ya tezi za limfu au ule uvimbe wa kinga ya mwili, mpangilio ndio jibu lenyewe. Ni sawa na kupewa mawe ya nyumba iliyobomolewa ukatakiwa useme nyumba ilikuwa na vyumba vingapi. Kwa hiyo zikabuniwa sindano za kukata, zinazoleta nyuzi ndogo za nyama zikiwa zimeshikana. Moja iliyosifika ina ncha ya meno matatu mfano wa taji, na umbo hilo si jipya. Lina jina la daktari Franseen wa Marekani, aliyeeleza sindano ya namna hiyo mwaka 1941, miongo kadhaa kabla ya chombo ambacho leo kinaitumia. Nyingine ina ncha iliyogawanyika mfano wa uma.

Faida ya sindano hizi za kukata hupatikana katika hesabu. Miongozo ya Ulaya iliyotolewa mwaka 2017 ilishauri kwamba pasipokuwa na mtaalamu wa kuchunguza chembe papo hapo, sindano ya kufyonza ipitishwe mara 3 hadi 4, na ya kukata mara 2 hadi 3. Kila pito linalopunguzwa ni dakika chache zaidi za usalama kwa mgonjwa aliyelazwa usingizi.

Lakini kwa sisi wa visiwani faida iliyo kubwa ni nyingine, na tunawaomba viongozi waizingatie kwa makini. Zamani, ili kuhakikisha kwamba sindano ya kufyonza imeleta kitu cha maana, ilipendekezwa mtaalamu wa patholojia au msaidizi wake awepo chumbani, atazame chembe pale pale, aseme "zinatosha" au "rudia". Jambo hilo ni zuri, lakini kwa nchi yenye wataalamu wachache ni anasa. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vituo vya nchi kadhaa kwa wagonjwa wapatao 800 waliokuwa na uvimbe wa kongosho. Nusu yao walichukuliwa nyama kwa sindano za kukata mtaalamu akiwapo, na nusu nyingine bila ya mtaalamu. Usahihi wa majibu ulikaribiana sana, na kwa pande zote mbili ulizidi asilimia 95.

Maana yake kwetu ni hii. Kwa sindano iliyo sahihi, na mkono uliofunzwa, mtaalamu wa kusoma nyama si lazima asimame kando ya kitanda. Aweza kuwa ng'ambo ya bahari. Kipande cha nyama kikitiwa katika chupa ya fomalini, kikaandikwa vizuri jina na namba, kitavuka mkondo wa Unguja na Dar es Salaam bila ya kuharibika, na msomaji atakisoma kesho au keshokutwa. Bahari imekuwa kikwazo chetu katika mambo mengi. Katika hili si lazima iwe.

Hapo ndipo tunapofika kwenye suala la fedha. Sindano hizi si rahisi. Moja yake, katika masoko ya nje, huhesabiwa kwa mamia ya dola, na zile za kukata kwa kawaida huzidi bei zile za kufyonza. Tena hutumika mara moja tu, kwa mgonjwa mmoja, ikatupwa. Afisa wa manunuzi anayetazama bei peke yake atachagua ya kufyonza, naye atasifiwa kwamba ameokoa fedha. Lakini sindano ya rahisi iliyoleta jibu lisilosomeka humrudisha mgonjwa kitandani mara ya pili, kwa usingizi wa pili, sindano ya pili na nauli ya pili. Ikiwa jibu halikupatikana kabisa, akapelekwa matibabu nje ya nchi kwa fedha ya umma, huko nako ataanza kwa kuchomwa sindano ile ile iliyoonekana ghali hapa. Kwa hiyo hesabu ya haki ni gharama ya jibu moja lililopatikana, wala si bei ya sindano moja iliyonunuliwa.

Na lipo la kuogopesha zaidi. Pale vifaa vinapokuwa haba, huzaliwa kishawishi cha kuosha na kurudia kutumia kile kilichotengenezwa kitumike mara moja. Tunasema bila kumung'unya maneno kwamba kufanya hivyo ni hatari isiyovumilika. Sindano hii ni mrija mwembamba na mrefu; hakuna brashi wala maji yatakayohakikisha kwamba damu ya mgonjwa wa jana haimo ndani yake. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI havitazami kwamba bajeti ilikwisha mwezi wa tatu. Mhudumu anayelazimishwa na uhaba kufanya hivyo ana kosa lake, lakini aliyepanga bajeti ya mashine bila ya bajeti ya sindano ana kosa lililotangulia.

Sindano ikishachota nyama, kazi haijafika hata nusu. Kipande hicho, chembamba kama uzi, lazima kikaushwe maji, kigandishwe katika nta, kikatwe vipande vyepesi ambavyo mwanga hupenya, kitiwe rangi, kisha kisomwe. Kila hatua inahitaji mtu, na kila mtu anahitaji miaka ya mafunzo. Tena daktari anayeshuku kifua kikuu hana budi kukumbuka kutenga sehemu ya nyama katika maji ya chumvi, kwa kuwa fomalini huua vimelea, na vimelea vilivyokufa haviwezi kuoteshwa maabara. Kosa hilo dogo, la kutia vyote katika chupa moja, laweza kuipoteza safari nzima ya mzee wetu wa Micheweni. Yote haya hayaonekani siku ya kukata utepe.

Haki inatudai tuseme pia mipaka ya chombo hiki, ili asije mtu akadhani tunaiuza sindano kama dawa ya miujiza. Kwanza, jibu la "hakuna saratani" si hakikisho kamili. Sindano yaweza kupita kando ya penye ugonjwa, na daktari mwangalifu hurudia pale dalili zinapopingana na jibu. Pili, madhara yapo, nayo ni kutoka damu, maambukizo, na kongosho kuvimba kwa hasira. Kwa jumla yameonekana kwa takriban mgonjwa 1 katika kila 100. Tatu, si kila mgonjwa anaihitaji, kwani uvimbe unaoonekana wazi kuwa wa kukatwa, kwa mgonjwa mwenye nguvu, aghalabu hukatwa bila kuchotwa kwanza. Nne, mkono wa kuitumia haupatikani kwa semina ya wiki mbili. Daktari huhesabiwa kuwa amefuzu baada ya kufanya uchunguzi wa namna hii kwa mamia, wala si kwa makumi, chini ya jicho la mwalimu.

Najua wapo wasomaji ambao hadi hapa wanajiuliza: je, huyu mwandishi hajui kwamba kuna vituo vya afya vinavyopungukiwa na glavu? Hajui kwamba mama mjamzito wa kisiwa kidogo hungoja mashua? Anajua. Wala hadai kwamba kila wilaya ipewe mashine hii, au kwamba ipewe nafasi mbele ya chumba cha kuzalia. Anachosema ni kwamba ugonjwa wa mipango ni mmoja, ikiwa kinachokosekana ni glavu au ni sindano ya kongosho. Ugonjwa huo ni kuthamini kikubwa kinachoonekana na kudharau kidogo kinachokifanya kikubwa kifanye kazi. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Na tusiseme kwamba hatuwezi. Visiwa vyetu vimekwisha kuthibitisha kinyume chake. Unguja na Pemba ziliiteremsha malaria, iliyokuwa ikijaza wodi za watoto, hadi ikawa chini ya asilimia 1 ya watu waliopimwa. Kazi hiyo haikufanywa na mashine kubwa. Ilifanywa na chandarua, dawa ya kupuliza ukutani, kipimo kidogo cha tone la damu na vidonge vilivyofika kwa wakati, tena mwaka baada ya mwaka. Hapa tulijifunza kwamba kifaa kidogo kisichokosekana kina nguvu kuliko kifaa kikubwa kinachokaa kikingojea vipuri. Na watu wanaopona malaria utotoni huishi wakazeeka, na uzee huja na maradhi yake, saratani ikiwamo. Mafanikio ya jana ndiyo yanayotuletea wajibu wa leo.

Marafiki nao wamekuwapo. Madaktari wa China, kutoka jimbo la Jiangsu, wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964, na Hospitali ya Abdulla Mzee ya Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa nchi hiyo na kufunguliwa mwaka 2016. Tunashukuru. Lakini rafiki akikupa ngarawa hakukuahidi ndoana za maisha. Anayepokea ndiye anayepaswa kuuliza kabla ya kutia saini kwamba ndoana zitatoka wapi.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo.

Kwanza, mkataba wowote wa kununua au kupokea mashine ya uchunguzi utaje kwa majina na idadi vifaa vyake vya matumizi, kwa muda usiopungua miaka 3, na kwa sindano itajwe geji na aina ya ncha. Madaktari watakaozitumia ndio waulizwe, wala si dalali.

Pili, uamuliwe mahali pamoja, penye wagonjwa wa kutosha kuuweka mkono wa daktari katika mazoezi, ambapo huduma hii itatolewa kwa watu wa visiwani, iwe Unguja au Dar es Salaam. Njia ya mgonjwa ijulikane tangu Micheweni mpaka kitandani: nani anaandika barua, nani analipia chombo cha bahari, na msaidizi wake atalala wapi. Mgonjwa asiachwe aitafute njia hiyo kwa kuuliza bandarini.

Tatu, vijana wetu wanaomaliza skuli wakiwa na vipaji vya sayansi wapelekwe kusomea patholojia, na wakirudi wapewe hadubini, dawa za maabara na mshahara wa kuwabakisha. Kwa sasa, usafirishaji wa nyama kuvuka bahari uwekewe utaratibu wa maandishi, na majibu yawe na siku ya mwisho ya kurudi.

Nne, kurudia kutumia sindano za matumizi ya mara moja kukatazwe kwa maandishi, na kila sindano iandikwe katika daftari pamoja na namba ya mgonjwa.

Tano, kila mwaka wananchi waelezwe hesabu fupi: sindano ngapi zilitumika, majibu mangapi yalipatikana, na kwa siku ngapi. Hesabu tatu hizo zitawaambia viongozi ukweli kuliko ripoti nene.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Imeenea dhana kwamba uvimbe ukiguswa na chuma hutawanyika, na wako waliokimbia hospitali kwa sababu hiyo. Kutawanyika kwa njia ya sindano hii kumewahi kuonekana, lakini ni nadra sana, ilhali kukaa bila ya kujua ni madhara ya kila siku. Macho yakigeuka manjano, mtu asingoje hadi nguo zimpwaye. Mapema ndiyo dawa ya kwanza, na haiuzwi.

Turudi kwa mzee wetu. Yawezekana sindano ikathibitisha lile baya lililodhaniwa. Hata hivyo haikuwa kazi bure. Atakayejua ugonjwa wake atapewa dawa ya maumivu kwa kipimo chake; atawekewa mpira mdogo wa kuufungua mfereji wa nyongo, mwasho utakoma, na atalala. Ataweza kulipa deni, kuusia, na kuwaita wanawe walio mbali wakati bado anawatambua. Na yawezekana pia, kwa mzee mwingine katika wengi, jibu likawa kifua kikuu, akameza vidonge vyake, na msimu unaofuata akaonekana tena pwani akiparaga ngarawa. Uhai na mauti ni vya Mwenyezi Mungu. Kutafuta jibu kabla ya kumtandikia mtu kitanda cha mwisho ni wajibu wetu sisi, na wa wale tuliowakabidhi fungu la afya.